Malkia Aligeuka Nyuki

Nikisema "Paukwa," nyinyi mtaitikia "Pakawa," sivyo? Basi shukuruni. Iko nchi ambako ukisema "Paukwa," mkubwa kwa mdogo hukukazia macho na kukujibu, "Imeishaje?" Na usipowaambia imeishaje, husimulii neno. Nchi hiyo inaitwa Mwishowe. Bi Mashavu binti Haroub aliingia huko na sanduku la bati lenye vitabu arobaini. Alipita njia gani na alilala wapi, hayo waulizeni wenye magari. Mimi ninayo ya kutosha kuhusu jinsi alivyopokewa.

Bi Mashavu alikuwa mkutubi wa shule kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake hasa haikuwa kupanga vitabu, maana vitabu hata paka anaweza kuvipanga ukimfundisha. Kazi yake ilikuwa kumtazama mtoto anayezubaa mlangoni, akakisia ana njaa ya nini, kisha akamshikisha kitabu na kumwambia, "Soma hiki, kisha uje unitukane kama hukukipenda." Huyu akimpa cha safari za mbali, yule cha majini na milango ya ajabu, mwingine cha upelelezi. Waliorudi kumtukana walikuwa wachache sana, na hao nao aliwapa kingine.

Sasa alikuwa amestaafu, anakaa kibarazani anahesabu kunguru. Ndipo ikaja barua ya shoga yake wa utotoni, Bi Sikitu, aliyeolewa Mwishowe tangu enzi za usichana wao. "Mjukuu wangu Kidawa ana miaka kumi na miwili," ilisema barua, "na hajapata kumaliza kitabu hata kimoja. Si mjinga, Mashavu, usije ukanidharau. Anasema havina haja. Njoo na vyako, umpendekezee hata kimoja akimalize, nami nione kwa macho yangu kabla sijafa." Basi nani angebaki na kunguru baada ya barua kama ile?

Mpakani alipokewa na Msimamizi wa Miisho, Bwana Shaka. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, na alikuwa na desturi ya kukutazama viatu kabla ya uso. Alimpa kiti kwa adabu zote. Kisha akafungua fomu.

"Umekuja kupendekeza vitabu kwa mtoto."

"Ndiyo, Bwana."

"Umetumwa na nani?"

"Na bibi yake."

"Naye bibi yake katumwa na nani?"

Bi Mashavu akacheka, akidhani ni mzaha. Bwana Shaka hakucheka, akaandika: *Amecheka.*

"Unamtakia nini mtoto huyu?"

"Namtakia asome."

"Kisha?"

"Kisha asome kingine."

"Kisha?"

"Kisha basi, Bwana. Kuna nini tena?"

Bwana Shaka akaandika polepole, huku akitamka kila neno: "Ana... lake... jambo."

Sanduku likafunguliwa. Kilichotangulia kilikuwa kitabu cha safari: watoto watatu wanaofuata mto mpaka unakotoka. Akataka kujua watoto hao walitoka nyumbani kwa ruhusa ya nani, na barua ya ruhusa iko ukurasa wa ngapi. Kilichofuata kilikuwa cha ajabu: msichana anaona mlango ukutani kila mvua inaponyesha. Akauliza fundi wa mlango huo ni nani, na kama malkia anayekaa nyuma yake ana kibali cha kukaa. Bi Mashavu akajibu kadiri alivyoweza. Kisha ikaja zamu ya riwaya ya upelelezi, *Kengele ya Bweni la Tatu*, na hapo Bwana Shaka akavua miwani.

"Humu kuna mwizi?"

"Yumo."

"Mwandishi anamjua?"

"Lazima amjue."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Akanyamaza kurasa mia na hamsini!" Bwana Shaka akawageukia makarani wake. "Kwetu hapa, mama, anayemjua mwizi asitoe taarifa tunamwita mshirika."

Sasa sikilizeni walivyovifanyia vile vitabu, maana hadithi yote imebebwa na jambo hili. Karani alichukua wembe, akafungua kila kitabu kwa nyuma, akaikata karatasi ya mwisho na kuitia kikapuni. Moja, ya pili, ya tatu, mpaka arobaini. Bi Mashavu alishika kifua kama anayekatwa yeye. Akaelezwa kwa upole kwamba hiyo ndiyo sheria: ofisi husoma karatasi ya mwisho peke yake, ikaufupisha mwisho kwa maneno machache, na kuupiga mhuri mwekundu juu ya jalada. Kitabu hurudishwa bila karatasi ile, kwa kuwa mwisho ukishakuwa juu, kuurudia chini ni kupoteza wino. Ukutani palibandikwa tangazo: MPENDEKEZAJI ANAYEJUA KUWA MHURI SI SAHIHI AKANYAMAZA, NI MSHIRIKA.

"Na kurasa za katikati nani anazisoma?" aliuliza Bi Mashavu.

"Za nini?" akauliza Bwana Shaka, na alikuwa akiuliza kweli.

Basi vitabu vikabaki ofisini wiki mbili, na Bi Mashavu akakaa kwa shoga yake akiyaona ya Firauni. Watu wa Mwishowe husalimiana "Mwisho salama?" na hujibu "Salama kabisa." Mpira wao huchezwa matokeo yakiwa yameshabandikwa langoni, na watazamaji huenda kuhakikisha tu kwamba hakuna aliyefunga la ziada. Siku moja Bi Mashavu alikaa na watoto wa jirani, akawaambia, "Kitendawili!" Wote wakajibu kwa pamoja, "Jibu lake?" Akababaika, akasema, "Yai." "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakampigia makofi ya heshima, wakainuka wakaenda zao. Bi Mashavu alibaki na mkeka wake, na nusura alie.

Kidawa alikuwa hivyohivyo. Msichana mwerevu, ana macho yanayozunguka kila pembe, lakini ukimpa kitabu anasoma mhuri, anakurudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, Bibi. Mwizi ni mpishi. Nimemaliza." Alikuwa amemaliza vitabu mia mbili kwa namna hiyo, wala hakufungua hata kimoja.

"Lakini sheria hii ilitoka wapi?" Bi Mashavu alimuuliza Bi Sikitu jikoni.

Bi Sikitu akachungulia dirishani kwanza, maana huko hata ukuta hauaminiki. "Wanasema ni kwa ajili ya watoto, wasishtuke. Uongo mtupu, shoga yangu! Palikuwa na mtawala zamani. Alisomewa kitabu cha upelelezi mbele ya wakwe zake, akajitia kimbelembele, akasema, 'Mwizi ni daktari, la sivyo nikatwe kichwa.' Kumbe siye. Mkwe akacheka. Mtawala akashindwa kusema neno moja tu, 'nimekosea,' likamkwama hapa kooni. Kesho yake ikatoka sheria. Tangu hapo hakuna mtu Mwishowe anayekisia mbele ya watu."

Bi Mashavu akatikisa kichwa. Nchi imejaa shaka tangu mpakani mpaka chini ya uvungu, watu wanawashuku wageni, wanashuku barua, wanashuku mpaka chumvi ya jirani, na hadithi ya upelelezi, ambayo ingeipa shaka yao kazi ya halali, ndiyo hawaitaki! Yalimuudhi hasa.

Vitabu vikarudi. Bi Mashavu alikichukua cha kwanza, *Kengele ya Bweni la Tatu*, akavaa miwani asome mhuri. Ulikuwa umepigwa kwa wino unaong'aa: MALKIA ALIGEUKA NYUKI.

Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga, akasoma tena. Malkia yupi? Katika kile kitabu hamna malkia, kuna kengele ya shule, na nyuki hawamo hata wa dawa. Akachukua cha pili, kile cha mlango wa mvua, ambacho ndicho chenye malkia. Mhuri wake ulisema: WALIFIKA UNAKOTOKA MTO, WAKARUDI SALAMA. Cha tatu, cha mto, kilibeba mwisho wa cha nne. Cha nne kilibeba wa cha tano. Akaenda hivyo mpaka cha arobaini, ambacho karani, naona kwa kukosa la kuandika, alikipiga mhuri: MWISHO NI ULEULE.

Hapo akaelewa. Karatasi moja ilikuwa imepotea kikapuni, ile ya juu kabisa, yaani ya *Kengele*, na nyingine zote zikasogea nafasi moja. Mihuri arobaini, yote ya uongo, na ofisi nzima isingeweza kujua, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyefungua katikati.

Furaha yake ilidumu kama moto wa karatasi. Mara akawaza: na kama ni mtego? Bwana Shaka yule, mwenye kutazama viatu, apotelewe na karatasi? Huenda wamefanya makusudi waone kama atanyamaza, wampeleke kwenye lile tangazo la ukutani. Akiripoti, watasahihisha mihuri, na Kidawa atarudishiwa kitabu kilichokufa, sawa na mia mbili alivyokwisha kuvizika. Akinyamaza, amekuwa mshirika, na vitabu vyote vya sandukuni vitakwenda kupondwa viwe trei za mayai, maana ndiyo adhabu yake. Bi Mashavu hakuwa na mazoea ya kudanganya. Alikaa nalo siku nzima.

Jioni Kidawa akaja kusalimia. Bi Mashavu akampa *Kengele*. Mtoto akasoma jalada, akarudisha kwa mikono miwili. "Malkia aligeuka nyuki. Ahsante, Bibi, nimemaliza."

"Malkia yupi?" aliuliza Bi Mashavu, akichambua mchele, hata uso hakuuinua.

"Sijui."

"Ah. Basi mtafute."

Kidawa akausoma mhuri mara ya pili. Kisha akakaa chini, akafungua ukurasa wa kwanza.

Siku ya tatu alikuja nyumba nzima ikimsikia. "Bibi! Hapa hakuna malkia! Kuna kengele imeibwa bwenini, wanafunzi hawaamki, na kila mtu anasema alikuwa amelala!"

"Ehe?"

"Labda malkia kajificha. Mimi namshuku matroni. Anapenda asali mno, tena anavaa nguo za manjano." Akashusha sauti. "Lakini mlinzi naye simwamini. Mtu gani anafagia saa saba ya usiku?"

Bi Sikitu alikuwa akikuna nazi. Akaacha mkono hewani, akamtazama mjukuu wake, machozi yakamlengalenga. Akaendelea kukuna nazi ambayo ilikuwa imekwisha, akawa anakuna kifuu.

Laiti yangeishia hapo! Lakini Mwishowe kila jicho lina kazi. Jirani mmoja alimwona Kidawa bombani, ndoo imejaa inamwagika, naye amesimama anasoma, uso umejaa wasiwasi. Wasiwasi! Na kitabu kimepigwa mhuri! Jirani hakuuliza, alikwenda moja kwa moja ofisini. Adhuhuri hiyohiyo Bwana Shaka alifika, akakichukua kitabu mkononi mwa mtoto kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa sitini na mbili. "Kielelezo," alisema. Kesi ikapangwa baada ya siku nne.

Kidawa hakulia. Alikaa kizingitini akikunja na kukunjua upindo wa gauni lake. "Bibi, wewe unajua ni nani."

"Najua, mwanangu."

"Usiniambie," alisema mtoto, haraka. Bi Mashavu akajua kwamba ugonjwa umeshaingia, na hautoki tena.

Kesho yake Bwana Shaka alirudi, peke yake, bila fomu. Akaomba chai. Akakaa ukingoni mwa kiti, akauzungusha mdomo wa kikombe kwa kidole, kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mtu akifagia saa saba ya usiku, wewe Bi Mashavu ungesema nini?"

Bi Mashavu akaweka birika chini. Ni fumbo hili, aliwaza. Ananisema mimi. Usiku uliotangulia alikuwa amefagia chumba kwa kukosa usingizi. Kumbe wanamchungulia mpaka dirishani!

"Ningesema pana uchafu," alijibu.

"Mm." Akanywa chai. "Na mtu mwenye funguo tano, akionyesha nne?"

Bi Mashavu akashika kifundo cha kanga alimofunga ufunguo wa sanduku. "Wa tano umepotea, Bwana."

"Hata mpishi alisema hivyohivyo," alinong'ona Bwana Shaka, akainuka, akaaga. Bi Mashavu hakumwelewa hata chembe. Aliingia ndani akamwambia Bi Sikitu, "Shoga, nimekwisha. Wanajua mpaka funguo zangu."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jaji alikuwa Bi Hidaya, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Nyuma yake palikuwa na picha kubwa ya yule mtawala wa zamani, koo limevimba. Kidawa alisimamishwa mbele na *Kengele* ikawekwa mezani.

"Mtoto," alisema Bi Hidaya, "kitabu hiki kinaishaje?"

"Mhuri unasema malkia aligeuka nyuki. Lakini, shikamoo Jaji, malkia hayumo."

Ukumbi ukavuma. Karani wa wembe akarudi nyuma hatua mbili. Bi Hidaya akakigeuza kitabu, akapekua nyuma, akakuta palipokatwa. Akauliza karatasi iko wapi. Haikuonekana. Akauliza mihuri mingine ikoje. Ikaletwa, ikasomwa mojamoja ikilinganishwa na majina ya vitabu, nayo nchi ikasikia kwa masikio yake kwamba mihuri yote arobaini ni ya uongo, na kwamba ofisi isingejua mpaka Kiyama.

"Kuna mtu mmoja tu aliyejua," alisema Bi Hidaya, "naye kanyamaza. Bi Mashavu, njoo hapa. Uliliona tangazo la ukutani?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Hapo Bi Mashavu alichoka kuogopa. Mtu huchoka, jamani. "Kwa sababu mtoto huyu alikuwa anasoma," alisema. "Miaka kumi na miwili mmemlisha makapi, juzi kapata punje moja, nami nimnyang'anye? Siwezi. Mniite mshirika, sawa. Nimeshirikiana naye."

"Una njia moja ya kujiokoa, wewe na sanduku lako," alisema Bi Hidaya, wala hakusema kwa ubaya. "Tutajie mwizi wa kengele. Hapa, mbele ya watu. Tupige mhuri wa kweli, tumrudishie mtoto kitabu chake, wewe ubaki na vyako thelathini na tisa."

Bi Mashavu alimtazama Kidawa. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa viganja, macho kayafumba. Vitabu thelathini na tisa upande huu, na huku mtoto mmoja aliyefikia ukurasa wa sitini na mbili. Akawaza watoto wengine ambao wangevipata vile thelathini na tisa, kisha akakumbuka wangevipata na mihuri. Akafungua kinywa aseme hapana.

"Asiseme!"

Sauti ilitoka upande wa mashtaka. Alikuwa Bwana Shaka, amesimama, kanzu imejikunja. Watu wote wakamtazama viatu.

"Asiseme kwa nini?" aliuliza Bi Hidaya.

Bwana Shaka akainyoosha kanzu. "Mheshimiwa... nipo ukurasa wa tisini na nne."

Karani wa wembe akaangusha kalamu.

"Nilikifungua kwa ajili ya ushahidi," aliendelea, akitazama chini. "Nione mtoto kashtuliwa na nini. Nikasema nisome ukurasa mmoja. Miaka kumi na tisa, Mheshimiwa, nimesoma kurasa za mwisho elfu kadhaa. Watu wanalia, wanakumbatiana, wanazika, na mimi sikupata kujua hata siku moja wanalia nini."

Wako waliocheka, wako waliopiga kelele kwamba ametumwa. Bi Hidaya alifikicha macho muda mrefu. Sheria haikumruhusu kuhukumu kitabu ambacho mwisho wake haujulikani, na haikumruhusu kumlazimisha shahidi wakati upande wa mashtaka wenyewe unapinga. Sheria za Mwishowe zina njia nyingi za kubana watu, lakini tundu hili la kuponyokea hawakuwa wameliona. Basi akahukumu hivi. Bwana Shaka asimamishwe kazi. Bi Mashavu aondoke nchini ndani ya siku tatu. Na sanduku lote libaki kama kielelezo mpaka kila mwisho uoanishwe na kitabu chake.

"Utaoanishwa vipi?" aliuliza karani wa wembe, karibu kulia.

"Kwa kuvisoma tangu mwanzo," alisema Bi Hidaya.

Wakatazamana. Wakubwa wote walikuwa na kazi, au walisema wanazo. Ikaamuliwa vigawiwe wanafunzi wa shule, kwa ajili ya ushahidi tu. Nasikia siku ileile watoto walipanga foleni kuanzia ofisini mpaka sokoni, na kila mmoja alipewa onyo kali asifurahi.

*Kengele* ikapewa Kidawa, basi yeye na Bwana Shaka walikuwa na kitabu kimoja na siku tatu kabla Bi Mashavu hajaondoka. Mtoto alitaka kuanzia sitini na mbili, mzee alitaka kuendelea na tisini na nne, wakavutana barazani kwa Bi Sikitu mpaka ikakubaliwa Kidawa asome kwa sauti naye Bwana Shaka arudie kusikiliza. Bi Mashavu alikuwa akipanga nguo zake huku akiwasikia.

"Matroni," alisema Kidawa.

"Mlinzi, mwanangu. Ufagio ule!"

"Ufagio si ushahidi, Babu."

"Sasa utanifundisha mimi ushahidi?"

Hata hivyo Bi Mashavu hakumwamini. Mtu aliyeshuku watu miaka kumi na tisa haachi kwa kitabu kimoja, alijiambia, na kila mzee yule alipotazama upande wake, alishika kifundo cha kanga.

Asubuhi ya siku ya tatu gari lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Kidawa akaja mbio, kitabu kifuani, uso umemshuka. "Bibi, kimekatika! Mlango wa stoo unafunguliwa, taa inawashwa, halafu hakuna kitu! Hakuna!"

Bi Mashavu alijua tangu mwanzo kwamba watafika pale, na moyo ulimuuma. Jina lilikuwa ulimini. Lingemtoka tu, angekuwa ametenda wema, na angekuwa mhuri mwekundu mwenye miguu.

Ndipo alipomwona Bwana Shaka anakuja, hakuvaa kanzu yake ya kazi. Bi Mashavu akasogea mbele ya mtoto. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina vumbi na utando wa buibui.

"Jana nilikwenda kutoa vitu vyangu ofisini," alisema. "Ilikuwa chini ya kabati. Nimeijua kwa nambari ya ukurasa tu. Mia na hamsini na tisa." Akaigeuza, waone mikunjo yake. "Sikuifungua, Bi Mashavu. Wallahi sikuifungua. Nilisema nimngoje mwenye kitabu."

Bi Mashavu alimtazama usoni, si viatuni. Macho ya yule mzee yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hapo ndipo alipomwamini, na aliona haya kwamba amechelewa.

Gari likapiga honi ya tatu. Alimkumbatia shoga yake, akampa Kidawa mkono aubusu, akapanda. Hakungoja waifungue. Kuona uso wa mtoto anapopinda ile kona ya mwisho ndiyo starehe pekee aliyokuwa akijipa kazini, na siku ile aliona amwachie Bi Sikitu, maana yeye ndiye aliyeandika barua.

Gari lilipoanza kuondoka, barazani palikuwa kimya. Likafika kwenye kona ya bomba. Jirani yule alikuwa pale na ndoo yake, na hata wapita njia walikuwa wamesimama, wanatazama upande wa nyumba ya Bi Sikitu. Kisha ikasikika sauti ya mzee, kubwa, mbele ya watu wote, katika nchi ambayo mtawala mzima liliwahi kumkwama kooni neno lilelile.

"Nimekosea!" Bwana Shaka alipaza sauti. "Jamani, nimekosea!"

Na alikuwa anacheka.

Sasa mnanitazama. Mnataka niwaambie mwizi alikuwa nani. Haya, kitafuteni kitabu.